Sura ya Tano: Pesa za Mlangoni

Mwaka 1951 na 1952 mtafiti wa muziki kutoka Marekani, Alan Merriam, alizunguka nchi ya Bashi, hapa Kivu, na mashine ya kunasa sauti. Miongoni mwa waliomsaidia ni IRSAC, taasisi ya utafiti ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1947, ambayo makao yake yalikuwa yale majengo makubwa ya Lwiro tunayoyajua leo kwa jina la CRSN. Merriam aliandika juu ya filimbi ya mulizi, juu ya ala nyingine za Bashi na maneno ya nyimbo zao. Katika yote hayo kuna kisa kimoja, alichokiweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1964, The Anthropology of Music, ambacho kila mtu wa jukwaa angepaswa kukijua.

Wasichana vibarua wa shamba la mzungu waliimba mbele ya mashine ile, na mwenye shamba akiwepo, anasikiliza. Wakamwimbia kwamba zamani walikuwa wakipata mafuta pamoja na ujira, siku hizi hawayapati, nao hawaelewi kwa nini. Yasiporudi watahamia kwa mapadri, kwenye kazi kidogo na mafuta tele. Hakuna aliyewahi kumwambia bwana yule maneno hayo usoni.

Wataalamu hukitumia kisa hiki kuonyesha kwamba wimbo husema lisilosemeka. Ni kweli. Lakini mtu aliyezoea kukaa nyuma ya jukwaa anaona jambo la pili. Wasichana wale walijua nani ameketi mbele yao, na walijua mkono gani unashika mafuta. Waliimba wakiuelekea mkono huo. Sura hii inahusu mkono huo: nani anaulipia muziki wa jukwaani, analipa wapi, na malipo yake yanaufanya muziki uweje.

Kivu hatukosi sauti. Toka Kavumu hadi Katana siku ya Jumapili asubuhi, utahesabu kwaya mpaka uchoke. Wapiga gitaa wapo, wachezaji wapo, na wachekeshaji ndio usiseme. Tulichokosa ni tamthilia ya muziki inayoishi kwa kiingilio, inayofunguliwa leo kwa pesa za watazamaji wa jana na kufungwa siku watazamaji watakapokataa kuja. Anayetaka kuona biashara hiyo kwa Kiswahili avuke ziwa, apande treni Kigoma, ashuke Dar es Salaam ya miaka ya 1980 na 1990.

Ilianza kwa serikali. Baada ya uhuru Tanzania iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, na katika miaka ya 1960 ikapeleka vijana China kujifunza sarakasi. Kisha majeshi na mashirika ya umma nayo yakaanzisha vikundi vyao. DDC Kibisa, kwa mfano, ilikuwa ya shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Msanii alikuwa mwajiriwa, mshahara wake ukija mwisho wa mwezi hata kama ukumbi ulikuwa mtupu. Mwaka 1980 Norbert Chenga akaanzisha Muungano Cultural Troupe, kikundi cha binafsi. Ulikuwa wakati mgumu, sabuni na sukari vikitafutwa kwa foleni, na nyumba za maonyesho za kweli zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kilichokuwepo kila mtaa ni baa yenye uwanja na ukuta.

Makubaliano ya kawaida kati ya kikundi na mwenye baa yalikuwa mepesi: wewe uza bia, sisi tuchukue kiingilio. Ukiyaelewa makubaliano hayo, umeelewa onyesho zima. Mwenye baa anataka watu wakae muda mrefu, wanywe. Kikundi kinataka hata atakayechelewa alipe. Basi onyesho likawa refu, likianza jua bado lipo na kuisha usiku mkubwa, na mambo yakapangwa kwa namna ambayo mtu akiondoka mapema ajione ameibiwa. Ngoma zilitangulia: sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni, bugobogobo ya Wasukuma. Mlio wake ulisikika mitaa ya jirani, kwa hiyo ngoma ilikuwa pia tangazo lisilolipiwa. Sarakasi iliwapa watoto cha kutazama, maana kina mama wengi walikuja nao jioni za mwisho wa wiki. Halafu kichekesho, halafu igizo, na baadaye kabisa taarabu, ambayo ndiyo wengi waliyoifuata. Nyota akiimba saa moja jioni, saa mbili baa ni tupu, na mwenye baa hatakukaribisha tena.

Mwanzilishi wa kikundi cha namna hii akikuuliza aanze na nini, usimwambie aanze na mwimbaji. Aanze na meza ya mlangoni. Ni meza ndogo, chini ya taa, yenye kitabu cha tiketi za kuchana na kopo la chenji. Nyuma yake wanakaa watu wawili, na wanakaa wawili kwa sababu: mmoja anauza, mwingine anachana, na hesabu ya vipande lazima ilingane na hesabu ya noti kabla ya mtu yeyote kula. Shida yao si wezi, ni ndugu. Shemeji wa mpiga ngoma, rafiki wa mwenye baa, polisi wa zamu, mwandishi wa habari, jirani ambaye ukuta wa baa unapakana na wake. Kila mmoja ana sababu nzuri ya kuingia bure, na ukiwakubalia wote, ndani kumejaa na kopo halina kitu. Mwimbaji nyota akinuna usiku mmoja onyesho litaendelea. Aliye mlangoni akiwa mwepesi wa kuona haya, miezi mitatu haiishi kikundi kimesambaratika.

Ukiingia nyuma, chumba cha kubadilishia nguo mara nyingi ni stoo ya vinywaji. Kreti za bia ndiyo meza ya vipodozi na ndiyo kabati. Mchezaji mzoefu hupanga nguo zake juu ya kreti moja kwa mfuatano, atakayoivaa kwanza ikiwa juu na gauni la taarabu chini kabisa, kwa sababu binti aliyetoka jasho kwenye sindimba ndiye atakayekuwa mama mkwe ndani ya igizo, na ndiye atakayesimama kwenye kiitikio cha taarabu amejipaka poda kana kwamba ndiyo kwanza afike. Watu wa mjini walidhani huo ni ukarimu wa kipaji. Ilikuwa hesabu tu. Mapato ya mlangoni yanagawanywa kwa vichwa, na vichwa vikipungua kila kimoja kinapata zaidi.

Linganisha na New York. The Lion King ilifunguliwa Broadway mwaka 1997, wahusika wake wakiitwa Simba, Rafiki na Pumbaa, na hadi leo imetazamwa na watu zaidi ya milioni 100 duniani. Huko maonyesho ni 8 kwa wiki. Kuna wavalishaji ambao kazi yao ni kumvua mtu vazi gizani na kumvika jingine, na kuna waigizaji wa akiba ambao kila mmoja amekariri nafasi za wenzake kadhaa, ili mtu akiugua saa kumi, saa moja nafasi yake isionekane pengo. Fedha za kuwalipa watu hao Dar es Salaam haikuwa nazo. Lakini swali ni lilelile kwenye majengo yote mawili: usiku wa leo umelipa gharama za usiku wa leo? Na tamthilia nyingi za Broadway, kwa taa na mitambo yao yote, hufungwa kabla hazijarudisha mtaji.

Igizo lenyewe la vikundi vya Dar es Salaam halikuandikwa, na hapa ndipo wasomi wetu hukosea wanapowadharau wasanii hawa. Kiongozi aliwasimulia wenzake kisa, kikagawanywa, kikabishaniwa, kikajaribiwa, na kilichoshikwa kwa moyo ni mpangilio: nani anaingia baada ya nani, neno gani ni ishara ya mwingine kutokea, na wapi wimbo unaanza. Maneno yaliyobaki yalizaliwa jukwaani. Kongo tunayo sanaa hiyohiyo, tena kwa Kiswahili chetu. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilifanya kazi hivyo kwa miaka mingi, na michezo yake ikawafikia watu kwa televisheni. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwaona wakiujenga mchezo mzima kutokana na usemi mmoja, kwamba madaraka huliwa yote bila kugawana. Aliuandikia kitabu, Power and Performance, kilichotoka mwaka 1990. Ukikisoma utaona kitu ambacho mtazamaji hakioni: saa nyingi za majadiliano, watu wazima wakibishana iwapo chifu wa namna fulani angesimama au angekaa.

Kwa mtu wa biashara, igizo lisiloandikwa lina faida ambayo karatasi haina. Linavutika. Gari la wana taarabu likikwama njiani, mchekeshaji anapewa ishara kutoka pembeni naye anaongeza ugomvi wa nusu saa kati ya mke mkubwa na mke mdogo. Umeme ukitishia kukatika, mke mdogo anasamehewa haraka na wimbo unaanza. Nimewahi kukaa mahali ambapo tamthilia iliyoandikwa kwa ufundi mkubwa ilisimama kwa sababu ya jenereta, waigizaji wakabaki wametazamana kwa kuwa ukurasa haukuwa na la kusema. Wachekeshaji wa baa wasingeshikwa hivyo.

Tuje kwenye taarabu, kwa kuwa pesa kubwa ilikuwa hapo. Mwaka 1992, mwaka uleule Tanzania iliporuhusu vyama vingi, chama tawala CCM kilianzisha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba aliyetokea jeshini. Khadija Kopa aliyekuwa Unguja na Culture Musical Club akaletwa bara kuwa sauti yake. Muungano nao walijibu. Kambi mbili zikaanza kurushiana mipasho, zikagombea waimbaji, na katika miaka ile Kopa aliimba pande zote mbili kwa nyakati tofauti, mpinzani wake mkubwa akiwa Nasma Khamis, maarufu kama Nasma Kidogo. Mashabiki waligawanyika kama wa timu za mpira za Simba na Yanga.

Nyuma ya ugomvi huo kulikuwa na kazi ya kimya ya mtunzi. Taarabu ina kutunza. Mtazamaji, mara nyingi mwanamke, huinuka kwenye kiti chake, hucheza taratibu hadi kwa mwimbaji na kumpa noti, kwa kawaida kwenye mstari maalumu, ili mtu fulani aliyeketi meza ya tatu ajue unamhusu. Mtunzi hodari aliandika kwa ajili ya miguu hiyo. Mstari ukiwa wazi mno, una mwenyewe mmoja, na unaleta noti moja. Ukiwa umefumbwa vizuri, wanawake 20 watauchukua kila mmoja kwa ugomvi wake, na mwimbaji ataurudia kiitikioni mara 5 au 6 mpaka foleni iishe. Wimbo mpya ulifichwa. Mazoezi yalifanywa milango imefungwa, kwa sababu kambi ya pili ikiupata mapema, jibu litakuwa tayari kabla ya shambulio. Na fedha za kutunza zilizua kesi ambazo hazikuisha: ni za aliyezipokea, ni za kikundi kizima, au zigawanywe na yule mpiga kibodi aliyeurefusha wimbo makusudi?

TOT haikuwa kikundi cha mlangoni peke yake. Chama kilikiwezesha, vyombo vyake vilikuwa vya kisasa, na kampeni zilipofika kilijulikana kingeimbia nani. Sitasema yalikuwa mashindano ya haki kwa Muungano, ambao hawakuwa na chama nyuma yao. Hata hivyo chama hakikuweza kumlazimisha mtu wa Magomeni au Temeke kununua tiketi Jumamosi jioni. Watu waliolipa walimlipia Kopa, wakiwemo wengi ambao kura zao zilikwenda kwingine. Kwa hiyo hata kikundi cha chama ilibidi kiimbe ya ndani ya nyumba, mapenzi na mawifi na majirani, kwa sababu hayo ndiyo mlango ulitaka.

Vikundi hivi havikufa kwa siku moja. Televisheni za binafsi zilianza Tanzania bara mwaka 1994, na igizo likapata mahali pa kwenda ambapo mtazamaji halipi nauli. Taarabu ikajitenga ikawa biashara yake, kwa East African Melody na baadaye Jahazi ya Mzee Yusuf iliyoanza mwaka 2006. Vijana wakaichukua dansi wakaipeleka bongo fleva. Kila kipande cha ile jioni ndefu kilipata soko lake, na iliyobaki bila mwenyewe ni jioni.

Kuna mlango mwingine, ule ambao serikali ndiyo inashika ufunguo. Byron Kawadwa wa Uganda alikuwa na tamthilia ya muziki ya Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, muziki ukiwa wa Wassanyi Serukenya. Iliiwakilisha Uganda kwenye tamasha la FESTAC, Lagos, mwaka 1977. Aliporudi, watu wa Idi Amin walimchukua, akauawa. Mwaka huohuo Kenya iliupiga marufuku Ngaahika Ndeenda, mchezo uliojaa nyimbo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, uliochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kwenye jukwaa walilolijenga wenyewe. Mwaka 1982 walipoleta mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, walikuta milango ya Kenya National Theatre imefungwa kwao, na jukwaa lao la kijijini likabomolewa. Ilichukua hadi mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda kuchezwa ndani ya ukumbi huohuo wa Nairobi, tiketi zikiuzwa.

Sasa turudi Kivu.

Tangu vita, sehemu kubwa ya maigizo ya mashariki mwa Kongo imelipwa na mashirika. Search for Common Ground ilileta maigizo shirikishi, ambamo mtazamaji huitwa katikati aonyeshe angefanya nini. La Benevolencija ilitoa mchezo wa redio, Kumbuka Kesho. Sitaungana na wanaozibeza kazi hizi. Zilikutanisha watu waliokuwa hawasalimiani, na zilimpa msanii posho wakati hapakuwa na mwingine wa kumpa. Lakini tazama zilivyomlea. Onyesho ni bure, uwanjani, mchana. Lina dakika 40 kwa kuwa ratiba inasema 40. Mada imekuja na gari: kipindupindu, uchaguzi, ardhi, ubakaji. Watazamaji wanahesabiwa, wanapigwa picha, idadi yao inaandikwa kwenye ripoti, na ripoti inasomwa mbali. Mchezo ukiwa mbovu, mtu wa Katana hana njia ya kusema ni mbovu, maana hana pesa yake ya kuizuia. Mwigizaji akiwa hodari kupita wenzake wote, hatajua, kwa sababu bahasha yake ni sawa na ya wengine. Na mradi unapofika mwisho, kikundi nacho mwisho.

Hasara kubwa zaidi ni kwamba hatukuwalea watu wa nyuma. Tuna waimbaji mia, na hatuna mtu aliyewahi kukaa mezani na kitabu cha tiketi. Hatuna anayejua kupatana na mwenye ukumbi, kupanga jioni ili isichoke, kumkatalia shemeji. Kazi hizo hazifundishwi kwenye semina. Hujifunzwa kwa kupata hasara usiku, kisha kurudi kesho.

Nasikia jibu: watu wa hapa hawana pesa, na huu si wakati. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua uwanja wa ndege wa Kavumu na kisha Bukavu, hakuna atakayekwambia utangaze onyesho la saa nne usiku. Nakubali. Basi lisiwe la usiku. Vikundi vya Dar es Salaam vilianza jua likiwaka kwa sababu za biashara, na sisi tunaweza kuanza mapema zaidi kwa sababu za usalama. Onyesho la saa nane mchana, siku ya soko, ndani ya ukumbi wa parokia au wa shule wenye mlango mmoja, lisilohitaji taa wala jenereta kubwa, watu wakirudi makwao kabla ya giza. Kiingilio faranga 1,000, watoto nusu. Mama anayelipa pesa hiyo kwa soda ya mtoto anaweza kuilipa kwa kicheko cha saa mbili, mradi kicheko kiwepo. Kisipokuwepo hatarudi, na kikundi kitajua Jumatatu kilichokosea.

Enyi mnaoongoza vikundi kuanzia Kavumu hadi Kalehe: pokeeni fedha za mashirika zikija, lakini mwezi mara moja fanyeni onyesho lenu wenyewe, lenye meza mlangoni na watu wawili nyuma yake, na hesabu isomwe mbele ya wasanii wote siku hiyohiyo. Na wewe msomaji, kikundi cha mtaa wako kikitangaza onyesho, nunua tiketi kama watu wengine, hata kama mwimbaji ni mdogo wako wa tumbo moja.